Barua ya Wazi: Tupeni Redio Inayolijua Daraja Letu kwa Jina

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi, na kwa Mkurugenzi wa Idara ya Hali ya Hewa.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Mathare. Mimi ni fundi wa redio. Kibanda changu kiko upande wa Juja Road, hatua chache kabla njia haijaanza kuteremka kwenda mtoni, na nimekaa kwenye stuli hiyo hiyo miaka 27. Redio za mtaa huu nimezifungua karibu zote. Ninajua ya nani hulia kwa betri, ya nani imefungwa waya wa hanger badala ya antena, na ni nani hulala na yake chini ya mto. Nawaandikia juu ya jambo moja ambalo liko mikononi mwenu ninyi watatu, na ambalo halihitaji mabilioni: vituo vidogo vya redio vya jamii, vyenye nguvu ndogo, vinavyoweza kutuambia sisi wa hapa hatari iko wapi na tupite wapi, wakati ule ule inapotokea.

Nianze na usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 24 Aprili 2024.

Mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa na stima ilikuwa imepotea tangu jioni. Nililala kibandani kwa sababu nilikuwa na redio 11 za wateja na bati moja lilikuwa linavuja. Yapata saa saba usiku mlango ukagongwa. Alikuwa soja, yaani mlinzi wa usiku, wa yadi ya mbao iliyo jirani, mzee wa makamo, koti limemlowa mpaka ndani, redio yake ameikumbatia kifuani ikiwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Fundi, samahani kukuamsha," akasema. "Hebu niangalilie hii. Naona imekufa."

Nikawasha tochi, nikafungua kifuniko cha nyuma. Spring za betri zilikuwa zimeshika kutu. Nikazikwangua kwa kisu, nikarudisha betri, ikalia. Nikazungusha sindano polepole kutoka 88 hadi 108. Stesheni zilikuwa tele na zote zilisikika safi. Moja ilikuwa na nyimbo za injili. Nyingine ilikuwa inarudia mjadala wa asubuhi. Nyingine ilikuwa na matangazo ya biashara, kisha muziki, kisha matangazo tena. Kuna moja iliyosema mvua kubwa inaendelea katika maeneo kadhaa ya nchi na wananchi wawe waangalifu. Tulisimama pale wawili, vichwa vimeinama juu ya ile redio, tukingoja wataje Mathare, wataje mto, wataje barabara moja tu tunayoijua. Hawakutaja.

"Kwa hivyo haijafa?" akauliza.

"Haijafa, mzee. Ni vile hakuna anayesema nasi."

Hazikupita dakika 40 tukasikia mayowe kutoka bondeni.

Mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu ndipo barua hii ilipozaliwa. Maji yaliyoingia kwenye nyumba zetu usiku ule hayakuwa ya mvua iliyotunyeshea sisi peke yetu. Mto Mathare hauanzii Mathare. Unateremka kutoka upande wa juu, kwenye vilima na mashamba na mitaa yenye miti, na mvua ikipiga huko, sisi wa chini tunaletewa baadaye. Wakati mwingine mto unajaa hapa na kwetu ni rasharasha tu. Maana yake ni kwamba kabla maji hayajatufikia, kuna mtu aliyayaona. Kuna askari wa lango fulani, kuna mfanyakazi wa bustani, kuna dereva aliyevuka daraja akashtuka. Habari ilikuwepo. Ilikosa njia ya kuteremka, na maji yalikuwa nayo.

Jirani yangu mmoja, mama anayeuza mandazi, alitoka na watoto wake watatu, maji yakiwa magotini. Akashika njia anayoishika kila alfajiri: kwenda kwenye kivuko cha mbao kinachotupeleka ng'ambo, ambako kuna mwinuko. Giza lilikuwa totoro. Alijua kivuko hakipo pale mguu wake wa kulia ulipokanyaga hewa. Kijana wake mkubwa alikuwa nyuma yake na alimdaka kwa leso aliyojifunga kiunoni. Leso haikuraruka. Basi. Hiyo ndiyo sababu yule mama bado anakaanga mandazi. Kesho yake vijana wa ng'ambo walituambia kwamba walikiona kivuko kikichukuliwa kama nusu saa kabla, wakapiga kelele mpaka sauti zikakauka, lakini mto ulikuwa na sauti kubwa kuwashinda. Nusu saa nzima, waheshimiwa, na kila nyumba ya pili ilikuwa na redio au simu yenye redio ndani.

Mtaniambia: kuna simu. Ndiyo, zipo, na wengi wetu tunazo. Lakini stima ikikaa siku nzima haipo, simu ya skrini kubwa huzimika kabla ya saa nne usiku. Na aliyebaki na chaji anaweza kukosa bando. Na mwenye bando, usiku ule, mtandao ulikuwa unazunguka tu, kwa sababu kila mtu alikuwa anampigia ndugu yake kwa dakika ile ile. Kilichopenya kwenye simu yangu ni sauti ya mtu nisiyemjua, aliyesema bwawa limepasuka na tukimbilie upande wa chini. Watu walikimbia. Hakukuwa na bwawa lililopasuka kwetu, na upande wa chini ndiko maji yalikokuwa yanaelekea.

Redio haijazwi na wasikilizaji. Hilo ndilo jambo ambalo kila fundi anajua na ambalo natamani likae kwenye meza zenu. Mnara wa simu una kikomo cha watu unaoweza kuwahudumia kwa wakati mmoja. Transmita ya FM, yaani mtambo unaorusha matangazo, haina habari na idadi yao: wakisikiliza watu 10 au watu 100,000, kazi yake ni ile ile na haichoki. Na ile simu ndogo tunayoiita kabambe, ambayo nyanya zetu wanayo, ina tochi na ina redio ndani, na chaji yake hukaa siku kadhaa. Vifaa vya kupokea onyo tayari tumevinunua kwa pesa zetu wenyewe. Kilichokosekana ni anayeongea.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu nimesikia ikizungumzwa kama jambo gumu.

Mawimbi ya FM husafiri kama jicho linavyoona. Mlima ukiwa katikati, yanakatika. Bonde likiwa refu, yanapita juu yake. Ndiyo maana urefu wa antena una faida kuliko wingi wa wati. Ukitaka sauti ifike mara mbili ya umbali kwa kuongeza nguvu peke yake, itabidi nguvu uiongeze mara 4. Lakini ukiipandisha antena ghorofa kadhaa juu, utashangaa. Sisi hapa tuna magorofa ya Huruma yanayotazama bonde zima kama watu waliosimama kwenye jukwaa la uwanja. Weka mlingoti juu ya paa moja la pale, transmita ya wati 50, na kila kichochoro kutoka juu mpaka chini kitasikia. Transmita ya namna hiyo hula umeme kama wati 100 hivi. Ongeza maikrofoni, mixer na taa moja, iwe 150. Pasi ya umeme inakula mara 7 ya hiyo, au zaidi. Betri mbili za volti 12, za ampea-saa 200 kila moja, ukizitumia nusu tu ili usiziue, zinakupa saa 16 za kuongea bila stima wala jenereta. Paneli za sola zikiwa juu ya paa lile lile, unaendelea kesho yake. Sisemi kwa kubahatisha. Hizi ni hesabu ninazowafanyia watu wa saluni na vibanda vya sinema kila wiki.

Na hatuanzi kutoka sifuri. Koch FM imekuwa hewani Korogocho tangu 2006, studio yake ikiwa ndani ya kontena la meli. Pamoja FM ya Kibera ilianza 2007, na mwisho wa mwaka ule ule nchi ilipowaka moto baada ya uchaguzi, ilikuwa miongoni mwa sauti zilizowasihi vijana wa Kibera warudi nyumbani. Mukuru kwa Reuben wana Ruben FM. Hawa ni watangazaji wanaokaa mtaani. Ukiwaambia maji yamefika kwenye choo cha nyuma ya kiwanja, hawaulizi ni kiwanja kipi. Wengi wao wamefanya kazi hii kwa kujitolea miaka na miaka, kwa nauli ya kubahatisha, na mimi nawavulia kofia.

Lakini mnawabana. Vituo hivi vya jamii vya Nairobi vimewekwa pamoja kwenye masafa ya 99.9, kila kimoja na mtaa wake na nguvu kidogo. Ninaelewa hesabu iliyotumika: Kibera iko mbali na Korogocho, basi wagawane. Tatizo ni kwamba redio ya FM ina tabia yake. Ikipokea mawimbi mawili kwenye masafa mamoja, humshika mwenye nguvu zaidi na kumnyamazisha mwingine. Anayekaa katikati anapata mmoja, akigeuza antena anapata mwingine, akisogea dirishani anapata msukosuko. Kwa muziki wa mchana ni usumbufu mdogo. Lakini hebu fikirieni mtu aliye Mathare anapata onyo la Ngong River linalowahusu watu wa Mukuru, anadhani ni lake, anaacha nyumba yake na kukimbilia kusikofaa. Onyo la mtaa likisikika kwenye mtaa usiohusika ni hatari kama kutokuwepo kwa onyo. Ninawaomba mtafute nafasi nyingine mbili au tatu kwenye ile bendi ya FM, ili kila bonde la mto liwe na masafa yake: Mathare na Korogocho yao, Kibera na Mukuru yao. Najua bendi ya Nairobi imejaa. Najua pia kwamba kuna masafa yanayorudia muziki kutwa kucha na hakuna hata mtu mmoja studioni.

Hatari za jiji hili ni nyembamba. Hilo nalisema kwa sababu onyo la nchi nzima, hata likiwa sahihi, haliwezi kutusaidia. Tarehe 1 Februari 2024, usiku, lori la gesi lililipuka Embakasi na watu zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Ni nani aliyehitaji habari dakika zile? Watu wa vichochoro vichache. Walihitaji kusikia maneno machache tu: usiwashe jiko, usiwashe kiberiti, ondoka upande huu, elekea upande ule. Tarehe 12 Septemba 2011 pale Sinai, petroli ilipoingia kwenye mtaro na watu wakakimbilia na ndoo na mitungi, wapatao 100 walikufa. Mtu mmoja mwenye maikrofoni, anayejulikana mtaani, akisema "weka ndoo chini, toka hapo, hiyo itawaka", angeweza kuwarudisha wangapi? Sijui kama wangesikia wote. Najua kwamba hakukuwa na wa kusema.

Tarehe 29 Aprili 2024, siku tano baada ya usiku wetu, maji yaliyokuwa yamezuiliwa kule Old Kijabe yalipasua njia alfajiri na kuwakuta watu wa Mai Mahiu vitandani. Waliokufa ni zaidi ya 40. Vitandani, waheshimiwa. Hapa ndipo wengi hunikatiza na kusema, "Sasa fundi, redio itamwamsha nani saa tisa usiku, na watu wamezima?"

Ni swali zuri na nimelifikiria kuliko maswali mengine yote. Jibu ni yule mzee wa yadi ya mbao.

Nairobi ya usiku ina jeshi ambalo halihesabiwi kwenye mipango yenu. Ni masoja. Kila yadi, kila ploti yenye geti, kila duka la jumla, kila kanisa lina mtu ameketi kwenye kiti cha plastiki, amejifunika koti, na pembeni yake kuna redio, kwa sababu redio ndiyo inayomzuia kulala. Ongeza makanga wanaolaza matatu, wachoma mahindi, wapishi wa chai ya alfajiri, wahudumu wa zamu ya usiku kwenye vituo vya afya. Redio ya usiku si lazima imwamshe kila mtu. Inatosha imfikie mtu mmoja aliye macho kwenye kila kichochoro, na mtu huyo awe anajua la kufanya: apulize filimbi, agonge mabati, aende mlango kwa mlango. Wazee wa Nyumba Kumi wanawajua watu wao. Wahudumu wa afya ya jamii wanajua ni nyumba gani ina mgonjwa asiyeweza kutembea, ni ipi ina mama aliyejifungua juzi. Misikiti ya upande wetu ina vipaza sauti, na usiku ule wa Aprili niliwasikia wakivitumia, Mungu awalipe. Hawa wote wanahitaji chanzo kimoja cha kuwaambia jambo moja kwa wakati mmoja, la sivyo kila mmoja anapuliza filimbi kivyake na watu wanakimbia huku na huko.

Kwa Mkurugenzi wa Idara ya Hali ya Hewa, hapa nasema na wewe moja kwa moja. Idara yako ilikwisha kuliona jambo hili kabla yangu. Mlisaidia kuanzisha redio za jamii Kangema, ambako ardhi huporomoka, na Budalangi, ambako mto Nzoia hufurika, ili mkulima apate utabiri kwa lugha anayoielewa, kutoka kwa mtu wa kwao. Hongera kwa hilo, na sisemi kwa adabu tu. Swali langu ni kwa nini mabonde ya Nairobi yasahauliwe. Watu wanaoishi kando ya Mathare, Ngong na mto Nairobi ni wengi kuliko wa vijiji hivyo, na mto wetu hujaa kwa muda mfupi kuliko Nzoia. Tunaomba onyo likitoka lifike kwenye studio ya mtaa dakika ile ile, kwa Kiswahili, likiwa tayari kusomwa. Maonyo mengi tunayotumiwa kwenye simu ni karatasi za Kiingereza zenye ramani ya rangi. Mimi mwenyewe, ninayesoma maandishi ya transmita, hunichukua muda kuelewa kama rangi ile ya machungwa inanihusu. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 35 kinasema Serikali itatangaza habari muhimu zinazoligusa taifa. Onyo la mafuriko ni muhimu kuliko habari nyingi nilizowahi kutangaziwa.

Pia tunaomba watu wa juu ya mto. Haihitaji mitambo ya kigeni. Kwenye kila daraja kubwa la juu, rangi tatu zipakwe kwenye nguzo, na soja mmoja au wawili wa karibu wapewe namba ya studio. Maji yakigusa rangi ya pili, anapiga. Yakigusa ya tatu, mtangazaji anakata muziki.

Nimesoma jinsi wenzetu wanavyofanya. Japani, baada ya tetemeko la Kobe la Januari 1995, waliruhusu manispaa kufungua redio ndogo za FM za muda wakati wa maafa, na ruhusa inaweza kuombwa kwa simu, makaratasi yakafuata baadaye. Baada ya tsunami ya Machi 2011, vituo vya namna hiyo vilifunguliwa katika manispaa zipatazo 30. Marekani wana leseni ya redio za nguvu ndogo tangu mwaka 2000, zisizozidi wati 100, kwa mashirika yasiyo ya biashara. Kimbunga Katrina kilipopiga mwaka 2005, kituo kimoja cha aina hiyo huko Bay St. Louis, Mississippi, WQRZ-LP, kilibaki kikiongea na watu wake wakati vituo vikubwa vilikuwa vimezimika. Sisi tungeweza kuwa mbele ya wengi. Homa Bay ilikuwa na redio ya jamii mwaka 1982, kwa msaada wa UNESCO, wakati nchi nyingi za Afrika hazijawahi kulisikia jambo hilo. Serikali ya wakati ule ikaifunga mwaka 1984. Ningependa Mamlaka ya leo ikumbukwe kwa tendo la kinyume.

Najua mnachoogopa. Mwaka 2007 na 2008 kuna maikrofoni zilizotumiwa kuwachochea watu, na makovu yapo, mengine yako kwenye ploti ninayoishi. Sidharau hofu hiyo. Ndiyo maana naomba sheria ya hewani iandikwe pamoja nasi na ibandikwe ukutani studioni. Wakati wa dharura, wanasiasa wasiguse maikrofoni, awe MCA wa bunge la kaunti, awe mbunge, awe anayetafuta kura. Waongee mtangazaji, chifu, zimamoto, Msalaba Mwekundu na mhudumu wa afya. Kila taarifa itajwe saa yake: "Sasa ni saa saba na dakika kumi, kivuko cha mbao hakipo." Kwa sababu habari ya saa saba ikirudiwa saa tisa bila kutajwa saa inaweza kuua. Asiyejua aseme hajui. Kabila la mtu lisitajwe kabisa. Na kila kitu kirekodiwe, ili anayevunja sheria hizi ajulikane kwa sauti yake.

Maji yakishuka kazi haiishi, na hapa redio kubwa hutuacha mapema zaidi, kwa sababu habari zimekuwa za zamani. Wiki zilizofuata tulizunguka kwa uvumi. Leo tunaambiwa majina yanaandikwa kwenye shule fulani, tunafika na watoto migongoni, tunakuta geti limefungwa. Kesho ni uwanja mwingine. Matingatinga yalikuja kubomoa nyumba za kando ya mto na watu waliulizana vichochoroni ni mita ngapi, ni upande upi, ni lini. Mtoto wa miaka minne alipatikana Huruma akilia, na mama yake alimtafuta siku nzima upande wa Eastleigh. Mtangazaji mmoja angesema mara tatu, "Tuna mtoto wa kiume, ana sweta ya kijani, anasema mama yake anauza omena," na mama angefika kabla ya saa sita.

Kuhusu pesa sitasema mengi. Ipo Hazina ya Huduma kwa Wote chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kampuni za mawasiliano huichangia asilimia 0.5 ya mapato yao. Ninaponunua bando la shilingi 20, kuna chembe yangu humo. Naomba chembe yangu inunue betri. Kaunti nayo itoe mapaa: majengo yake marefu, zahanati zake, vituo vyake vya zimamoto. Mlingoti unahitaji paa na kizuia radi, na mwenye ploti binafsi hukuongezea kodi akiona waya.

Mheshimiwa Gavana, jambo la mwisho ni lako. Vituo hivi vikiwa tayari, fanyeni jaribio moja kabla ya mvua ndefu za Machi na jingine kabla ya zile za Oktoba. Usiku, si mchana mbele ya kamera. Zimeni stima ya mtaa mmoja kwa saa mbili kwa makubaliano na wenyeji, tangazeni kwamba daraja fulani limeondoka, kisha mhesabu ni vichochoro vingapi vilipata habari kwa dakika 10, na ni vipi havikupata. Mtajifunza mengi kuliko kwenye warsha ya hoteli. Mimi nitakuwepo, na yule mzee wa yadi ya mbao amesema atakuwepo. Redio yake nimembadilishia spring zote, sikumtoza.

Paa ninalolifikiria liko Huruma, ghorofa ya saba. Keretaka wake ni mteja wangu na amekubali watu wenu wapande kupima. Mkija, mje asubuhi kabla jua halijachoma mabati. Ngazi ninayo, waya ninao, na kulehemu antena hakutawagharimu chochote.

Wenu,
Fundi wa redio, Mathare, Nairobi